Barua ya wazi kwa viongozi wa Caritas Bukavu: uamuzi uvuke ziwa, ukae Idjwi

Baba Askofu Mkuu, Padri msimamizi wa Caritas ya Jimbo Kuu la Bukavu, na ninyi nyote mnaotumika katika ofisi zake,

Tumsifu Yesu Kristu.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Idjwi Kusini. Siku hizi naishi Kadutu, hapa Bukavu, kwa watoto wangu, lakini shirika langu, ile jumuiya ndogo ya wakristu majirani, liko kisiwani bado, na kwa muda mrefu nilishika daftari la kamati ya Caritas, chombo cha Kanisa cha kusaidia wenye shida, ya parokia yetu. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninachoomba kinawagusa watu wengi ambao hawatapata nafasi ya kuingia ofisini kwenu. Naomba kitu kimoja: uamuzi juu ya huduma ya mapendo katika Idjwi ukae Idjwi. Nani asaidiwe, lini, kwa kitu gani na kwa kiasi gani, hayo yaamuliwe na wakristu wa kisiwani waliochaguliwa na mashirika yao, wakiwa na fedha kidogo mkononi na wajibu wa kutoa hesabu mbele ya watu.

Siji na ugomvi. Kisiwa chetu kinajua kilichotendewa na Kanisa. Wengi wetu tulijifunza kusoma katika shule za parokia, na watoto wetu walizaliwa mikononi mwa wakunga na masista wa vituo vya afya vya Kanisa. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka ziwa kwa maelfu, Kanisa lilikuwa nasi. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alibaki na watu wake hapa Bukavu wakati wengi wenye madaraka walikuwa wamekwisha kimbia, akauawa tarehe 29 mwezi wa kumi 1996. Mtu aliyelelewa na Kanisa la namna hiyo haliandikii kwa kulidharau. Nawaandikia kwa kuwa nalipenda, na kwa kuwa nimeona kwa karibu mahali ambapo nia njema inakwama.

Kwa msomaji asiyekijua kisiwa: Idjwi ni teritwari nzima, yaani kama wilaya, iliyozungukwa na maji ya Ziwa Kivu. Kuna Mwami, yaani mtawala wa jadi, wa Rubenga kaskazini na Mwami wa Ntambuka kusini, na makao ya teritwari yako Bugarula. Watu ni wengi, mashamba ni madogo, na kila mtoto anayeoa anazidi kuyagawa. Tunaishi kwa mananasi, kahawa, ndizi, mihogo, maharagwe, na sambaza wanaovuliwa usiku. Mashariki kuna Rwanda, magharibi kuna Kalehe, Goma iko kaskazini na Bukavu kusini, na hakuna barabara inayotoka Idjwi kwenda popote kati ya hapo. Kila kidonge cha dawa na kila mfuko wa saruji vinakuja kwa boti. Kila mtumishi anayetumwa kuja kuangalia shida zetu anakuja kwa boti, na anarudi kwa boti.

Hapo ndipo penye mzizi wa barua hii. Asubuhi ziwa limetulia. Mchana upepo unaamka, na wakati wa mvua mawimbi yanaweza kupindua mtumbwi huku wenye nyumba wakiangalia kutoka ufukoni bila la kufanya. Mtumishi anayetoka Bukavu anajua hilo, na ana haki ya kuogopa. Ana mke au mume na watoto wanaomngoja. Basi anafika, anaangalia saa, anafanya kazi mbiombio, na ikifika saa nane anataka awe amekwisha panda. Mwishowe ni saa ya boti kurudi inayopanga huduma yote. Aliye karibu na kivuko anahudumiwa. Aliye juu mlimani, aliyeshuka na fimbo yake tangu alfajiri, anakuta watu wanakunja turubai.

Niliona siku moja ya namna hiyo. Naieleza bila kutaja mradi wala ONG (NGO) iliyouleta, maana sitaki kumwaibisha mtu. Watu walikusanyika chini ya mikaratusi karibu na kanisa. Kijana mmoja mwenye heshima, aliyesoma vizuri, alikuwa na orodha ndani ya simu kubwa. Orodha hiyo ilikuwa imeandikwa miezi mingi nyuma, na mtu mwingine ambaye alikuwa amekwisha hamishwa. Akaita jina la mzee mmoja. Kimya. Akaita tena. Mama mmoja akasema taratibu: huyo tulimzika. Kijana akaomba pole, akaendelea. Akaita jina la mjane mmoja, jina la ubatizo kama lilivyo kwenye kadi ya mpiga kura. Yule mama alikuwa ameketi mbele yake kabisa, asiitike, kwa sababu tangu alipozaa mtoto wa kwanza hakuna aliyemwita hivyo. Wote tunamwita mama wa fulani. Jirani yake akamgusa bega, akainuka kwa haya.

Kulikuwa pia na yatima watatu wanaolelewa na dada yao ambaye naye ni mtoto. Hawakuwa kwenye orodha, kwa kuwa siku ya kuandikisha walikuwa kwenye mashamba ya watu wakifanya kibarua ili wale. Shirika lao lilijua. Kila mtu aliyeketi chini ya ile mikaratusi alijua. Lakini aliyeshika orodha hakuwa na ruhusa ya kuongeza jina. Ilimpasa aulize Bukavu, nao Bukavu waulize mbali zaidi. Alisikitika kweli, ilionekana usoni. Ikawa saa nane. Mifuko ya unga iliyoandikiwa watu waliokwisha kufa ikabebwa tena begani, ikateremshwa kwenye kivuko, ikapakiwa kwenye boti, ikarudi mjini. Yule msichana na wadogo zake walikuwa wamesimama palepale.

Hakuna mwizi katika habari hii, wala mtu mwenye roho mbaya. Kila mtu alifuata utaratibu. Ndiyo maana naandikia viongozi, maana utaratibu ni kazi ya viongozi.

Sasa niweke kando yake jambo jingine. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023 mvua kubwa ilifuta Bushushu na Nyamukubi, upande wa Kalehe. Watu zaidi ya mia nne walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Siku zilizofuata, ziwa lilileta miili mpaka kwetu Idjwi. Jamaa zangu waliokuwa huko walinieleza. Wanaume waliteremka na majembe na machela. Mama walitoa vitenge vyao, hata vile vipya vilivyowekwa kwa ajili ya arusi, wakafunika watu wasiowajua. Mzee mmoja wa shirika alikuwa na daftari la shule, akaandika kwa kila mwili alichokiona: rangi ya nguo, pete, kovu la mguuni, mahali alipozikwa, ili ndugu wakija kuuliza siku moja wapate jibu.

Waheshimiwa, uongozi ulikuwepo pale. Haukuwa na gari wala muhuri, lakini kila mtu alijua nani anashika daftari, nani anawaita vijana, nyumba gani ina nguvu ya kutoa na nyumba gani isiguswe kwa kuwa nayo ina njaa. Ujuzi wa namna hiyo hauwezi kukusanywa kwa safari ya asubuhi na kurudi mchana. Unatokana na watu wanaokutana kila juma katika shirika, wanaosali pamoja, wanaozikana, wanaogombana na kupatanishwa.

Halafu ukaja mwaka 2025. Kundi la waasi la M23 liliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, likaingia Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Benki zikafungwa. Siku zilezile Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Na Umoja wa Mataifa ulisema kwamba karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya dharura katika Kongo mwaka 2024 zilitoka huko. Miradi ikakatika katikati, watumishi wakabaki bila mshahara. Na kisiwani, familia kutoka Minova na Kalehe zilikuwa zikivuka kuja kujificha. Wengi walilala katika nyumba za watu, sebuleni, jikoni, pamoja na mbuzi. Mwenye mihogo ya juma moja akaila siku tatu pamoja na wageni.

Hapo fedha zilisimama, lakini mashirika hayakusimama. Baada ya Misa ya Dominika kila nyumba ilileta kopo la maharagwe au mkungu wa ndizi, aliyekosa akaleta kuni, na kamati ikagawa palepale kabla watu hawajatawanyika. Vilikuwa vichache mno. Watoto walilala njaa, sitaki kuficha hilo. Lakini hakuna jina la mtu aliyekufa lililoitwa, na hakuna yatima aliyeambiwa hayumo. Kwa hiyo ninapoomba uamuzi ukae kisiwani, sileti jaribio jipya. Naomba mtambue kwa maandishi na kwa fedha kitu ambacho tayari kinabeba watu.

Sheria ya Kanisa yenyewe inatuunga mkono. Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2012, Papa Benedikto XVI alitoa barua yenye nguvu ya sheria juu ya huduma ya mapendo. Katika kifungu cha 9 anamtaka askofu ahimize katika kila parokia ya eneo lake kuanzishwa huduma ya Caritas au chombo kinachofanana nayo, na panapofaa parokia kadhaa za eneo moja ziwe na chombo kimoja cha pamoja. Nikisoma maneno hayo naiona Idjwi: parokia chache, maji pande zote, shida zinazofanana. Caritas moja ya kisiwa, inayoziunganisha parokia zote, yenye kamati yake na makao yake hukohuko, si uasi dhidi ya Jimbo Kuu. Ni utii kwa sheria ambayo imekwisha toka.

Katika barua hiyohiyo, kifungu cha 10 kinataka kila taasisi ya mapendo iliyo chini ya askofu impe ripoti ya fedha kila mwaka, na kwamba usimamizi wake uonyeshe maisha ya kikristu ya kiasi, yasiyo ya anasa, mpaka kwenye mishahara na gharama. Ripoti hizo mnazipokea. Ombi langu ni kwamba ukurasa unaohusu Idjwi utafsiriwe kwa Kihavu na usomwe baada ya Misa katika kila parokia ya kisiwa, mara moja kwa mwaka: fedha hizi ziliingia kwa ajili yenu, hizi zilikwenda kwenye boti na posho, hizi zilifika. Watu watauliza maswali. Wengine watauliza vibaya. Heri maswali ya uwanjani kuliko minong'ono ya sokoni, na mnajua ninyi wenyewe minong'ono inayoifuata kila ONG inayopita.

Nisiache kutaja yaliyotokea Roma. Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 2022, Papa Fransisko aliuondoa uongozi wote wa Caritas Internationalis, muungano wa Caritas za dunia nzima, akaweka msimamizi wa muda mpaka uchaguzi wa mwezi wa tano 2023, ambao ulimleta Askofu Mkuu wa Tokyo, Tarcisio Isao Kikuchi, kuwa rais. Vatikano ilisema wazi kwamba hapakuonekana wizi wa fedha. Kilichoonekana ni upungufu katika namna ya kuongoza, uliovunja moyo wa watumishi na umoja wao. Nilitafakari sana habari ile. Hesabu zinaweza kuwa sawa mpaka senti ya mwisho, na uongozi ukawa bado unaumiza watu. Papa hakungoja mpaka fedha zipotee ndipo agutuke.

Najua mtakachonijibu, maana nimeketi katika mikutano mingi. Mtasema kisiwani hakuna watu wa kutosha wanaojua hesabu. Mtasema wafadhili hawatakubali. Mtasema ukoo utaingia, kila mtu atamsaidia nduguye.

Juu ya hesabu, nitakuwa mfupi. Waangalieni wakulima wa kahawa. Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda ikauzwe kwa bei yoyote, na wanaume wengi wakafa maji njiani, wakiacha wajane ambao wengine mpaka leo wanalea peke yao. Katika miaka ya 2010 vikaanza vyama vya ushirika. Wakulima wakawa na mizani yao, na vituo vyao vya kuoshea kahawa, na kahawa ya kisiwa ikaanza kuuzwa ng'ambo kwa jina lake yenyewe. Wanaoandika kilo na kulipa watu pale ni watoto wa kisiwa. Hata mituele za afya katika jimbo letu, yaani vikundi vya kuchangiana matibabu, ambazo ofisi ya afya ya jimbo, BDOM, imezilea, zinasimama juu ya wanachama wanaolipa, wanaochagua kamati na kuidai hesabu. Ujuzi upo. Unaohitaji kuongezwa, leteni mhasibu mmoja akae nasi mwaka mzima akifundisha, na awe anakaa kweli, na nyumba yake kisiwani.

Wafadhili nao, siku hizi wengi wao wanasema wenyewe kwamba wanataka misaada iongozwe na wenyeji. Waambieni sisi ndio wenyeji.

Lile la ukoo ndilo zito, na sitalipita haraka. Ni kweli. Katika kisiwa chenye mashamba madogo, kila mtu ana shemeji, kila mtu ana deni la ng'ombe wa mahari, na mwenye orodha mkononi anasukumwa na watu wa nyumbani mwake. Lakini kuna jambo baya zaidi ya shemeji. Kuna jinsi tunavyowatendea Bambuti, wenyeji wa asili wa msitu. Walitolewa msituni, wengi hawana shamba hata la kaburi, wanafinyanga vyungu, wanabeba mizigo, wanalimia watu kwa chakula cha siku. Kanisani wanakaa nyuma. Katika mashirika mengi jina la Mumbuti haliandikwi hata kwa kupangusa ukuta wa kanisa, sembuse kwa kushika mfuko. Tukichagua kamati kwa kura tu, hakuna Mumbuti atakayeingia, hata mmoja, na wale wenye njaa kuliko wote watakuwa wamefungiwa mlango na majirani zao wakristu badala ya ofisi ya mbali. Sitaki uamuzi uje kisiwani kwa namna hiyo.

Ndiyo maana tunawahitaji ninyi. Jimbo Kuu lisiondoke. Libadilishe kazi yake. Liweke masharti, kisha likague kama yanafuatwa. Katika kila kamati pawepo Bambuti waliochaguliwa na Bambuti wenyewe, wenye sauti ileile ya kuamua. Anayeshika fedha awe mama. Katika vikundi vya akiba vya kisiwa nimeona mama wakitunza sanduku la fedha miaka na miaka bila kupotea hata franka. Orodha ya wanaosaidiwa isomwe kwa sauti uwanjani siku tatu kabla ya kugawa, kila mtu apate kusema: huyu amekufa, huyu ana ng'ombe wawili, yule mmemsahau. Mjumbe asikae zaidi ya vipindi viwili. Na mtu aliyeonewa awe na mahali pa kupeleka neno lake nje ya kisiwa, kwenu, nanyi mjibu.

Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alikuwa mtu wa namna hii ya kuongoza. Kabla ya kuja Bukavu mwaka 1997, aliongoza Jimbo la Butembo-Beni zaidi ya miaka thelathini, na watu wa huko mpaka leo wanasimulia jinsi alivyowasukuma wajijengee barabara na shule, na Chuo Kikuu cha Graben kilichoanza 1989, bila kungoja serikali. Alipoletwa kwetu alikuta vita. Kwa neno lake la ukweli akafukuzwa mjini katika mwezi wa pili 2000 na kurudishwa Butembo. Na mwezi wa kumi mwaka uleule akafia Roma. Sisi wakristu wa Bukavu tulimlilia kama mzazi. Nadhani kilichowagusa watu kwake ni kwamba aliamini maskini anaweza kubeba jukumu.

Juu ya fedha, sina hesabu kubwa ya kudai. Tengeni kwa ajili ya Idjwi mfuko wa dharura unaolingana na gharama ya safari zote za boti, posho na malazi ya watumishi wanaokuja na kurudi kisiwani kwa mwaka mmoja. Kiasi hicho mnacho katika vitabu vyenu. Mfuko huo ukae kisiwani, utolewe kwa sahihi tatu, na utumike siku ileile ya msiba.

Nasema siku ileile kwa sababu ya ziwa. Katika mwezi wa nne 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi akafika mwenyewe na kutamka kwamba watu kama 150 hawajaonekana. Akaamuru kila abiria avae jile la kuokolea. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wamekwisha uona mji, na makumi wakafa. Baina ya ajali hizo mbili kubwa kuna ndogo nyingi ambazo hazikutangazwa na redio yoyote: mvuvi mmoja, mama mmoja na mananasi yake akienda soko la Beach Muhanzi, Bukavu. Mjane wa ziwa anahitaji sanda, unga na nauli ya kuwaita ndugu siku ya kwanza na ya pili. Msaada ukifika mwezi wa tatu, amekwisha uza kipande chake cha shamba.

Na hapo niongeze ombi dogo linaloweza kutimizwa hata kesho. Kila kivuko kikubwa cha kisiwa kiwe na jile kadhaa za Caritas, za watu wazima na za watoto, zinazotunzwa na shirika la jirani na kuazimwa bure kwa anayesafiri, azirudishe akirudi. Mama anayekwenda kuuza mananasi hawezi kununua jile. Akiazimwa atalivaa, hasa akimwona mama wa kamati amesimama pale kivukoni asubuhi akimfunga mtoto kamba kifuani. Watumishi wenu nao wavae kila wanapovuka, bila kujali ziwa limetulia namna gani, watu wawaone.

Baba Askofu Mkuu, wapendwa viongozi, naomba mkutano juu ya mambo haya, na naomba ufanyike kisiwani kabla ya Siku ya Maskini Duniani ijayo, ile ambayo Papa Fransisko aliianzisha na ambayo Kanisa liliiadhimisha mara ya kwanza tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2017. Mashirika yatawaandalia mahali pa kulala, na chakula kitakuwa kile tunachokula. Mje mlale usiku mbili. Siku ya kwanza jioni, boti ikiwa imekwisha kwenda, mkae na wazee wa mashirika, na mama wa vikundi vya akiba, na Bambuti. Asubuhi mpande mlimani kwa miguu, kwa wale ambao hawajawahi kushuka wakawakuta. Jambo la kamati, masharti yake na mfuko wa dharura liamuliwe siku ya pili, mbele ya watu, liandikwe, litiwe sahihi na pande zote mbili.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa makatibu wa parokia zote za kisiwa, nao wamekubali kupokea jibu lenu na kulisoma kanisani, liwe la kukubali au la kukataa. Tunawaombea.

Wenu katika Kristu,

Mwalimu mstaafu, mkristu wa Idjwi Kusini
Kadutu, Bukavu